Siafu Nyuma ya Banda la Chatu

Pwaa. Pwaa. Pwaa. Mwili wa nyoka ndani ya gunia, ukijipiga chini kwenye udongo. Sauti hiyo ninayo kichwani hadi leo. Na kama wewe ni wa kusema huyu binti anatunga, njoo hapa mtaani Mlabani umwone baba mkubwa kwa macho yako, halafu ndiyo uniambie natunga.

Baba mkubwa alikuwa mcheza ngoma ya nyoka. Chatu wake jike, tuliyemwita Malkia, alizungushwa shingoni kwenye sherehe zote, huku mjini na hadi kijiji cha Mbingu. Mimi nilitoka kijijini kwetu, Kisawasawa, kuja kumsaidia kazi za nyumbani, huku naota saluni yangu yenye vioo vikubwa na redio. Nilicheka na kila mtu, hata na Malkia.

Masika yale Malkia akataga. Baba mkubwa akamnyang'anya mayai, maana alitaka watoto wake wazoee mikono ya watu tangu kuzaliwa. Akayafukia kwenye ndoo ya pumba za mpunga zenye unyevunyevu, akafunika kwa kipande cha chandarua ili nzi wadogo wasiingie, akaiweka mezani bandani. Kuzuia wadudu ikawa kazi yangu. Dawa ya kupulizia marufuku, maana inayoua mdudu huua na nyoka. Kila mguu wa meza niliusimamisha ndani ya kopo la oili chafu, nikazungushia majivu banda zima, na yai likioza nalitoa upesi kabla halijaita sisimizi. Niliyapenda yale mayai, amini usiamini. Nilikuwa nayaimbia.

Lakini Malkia, baada ya kunyang'anywa, aligoma kucheza. Kwenye harusi moja akamng'ata baba mkubwa mkono mbele ya umati.

"Mzee, leo mke kakukataa!" mtu akapiga kelele, watu wakavunjika mbavu.

Baba mkubwa alirudi nyumbani. Akamtia Malkia kwenye gunia, akalifunga kwa waya, akalilaza nyuma ya banda, nje ya majivu yangu, palepale kwenye njia ya siafu.

"Baba mkubwa, watammaliza!"

"Wamfundishe adabu. Na wewe ukigusa huo waya utaingia humohumo ukamfariji."

Akavuta kigoda, akakaa na fimbo yake, akawa anasikiliza. Alikuwa anatabasamu, jamani. Mimi nilijifungia jikoni nikaziba masikio. Unafikiri masikio yanazibika?

Kesho yake jioni, baba mkubwa ametoka na mvua inanyesha, mama mmoja akasimama mlangoni. Mrefu, kajifunga kitenge tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanangu hawajaguswa na wadudu?"

Mwili wake wote ulikuwa vidonda vidogovidogo, na kwenye kila kidonda kichwa cha siafu kimebaki kimeng'ata. Macho hapepesi. Nikamkalisha kwenye kigoda cha baba mkubwa, nikaanza kuving'oa vile vichwa mgongoni. Ngozi ya baridi kama mtungi. Usiniulize kwa nini sikukimbia. Nilimwonea huruma, basi.

"Una mkono mwepesi," akasema. "Leo kalale kwa jirani."

Nikaenda. Sijafika mbali, nikamsikia baba mkubwa anaingia uani akifoka, "Nani huyo kwenye kigoda changu?" Nikaongeza mwendo.

Asubuhi mimi na majirani tulimkuta bandani. Ndoo kaiteremsha chini, kajiviringisha kuizunguka, mzee wa watu. Mvua ilikuwa imesomba majivu, na siafu wamemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa anawatoa kwenye ndoo mmoja mmoja. Wa mwilini mwake hakumgusa hata mmoja. Na gunia? Lilikuwa bado limefungwa waya, ndani mifupa mitupu.

Tulimbeba ndani, akarudi bandani akitambaa kwa tumbo. Tukambeba tena, akarudi tena. Alikaa hivyo hadi mayai yakapasuka. Tangu hapo hasemi, hapepesi macho, na watoto wa mtaa humchungulia dirishani wakizomea. Mimi ndiye ninayemlisha, na siku hizi nacheka kwa kuchagua.

Wewe unayefuga, fuga, sikukatazi. Weka majivu, weka oili, linda mayai yako. Ila usije ukawafanya siafu kuwa fimbo yako ya kumwadhibu mama aliyenyang'anywa watoto. Atakuja kuwaulizia, na hutapenda jibu lake.

Wale watoto wa Malkia, ndugu zangu waliokuja kumjulia hali baba mkubwa walitaka wamwagiwe mafuta ya taa wachomwe. Jumapili walipokwenda misa, nilijitwika ndoo hadi mwisho wa majaruba ya mpunga. Nikailaza taratibu kwenye majani, nikawapa mgongo, ili waondoke bila kuangaliwa na mtu.