Mihogo ya Mke Mwenza

Mwezi wa tisa, kiangazi kikielekea mwisho, nilitoka Baraka, ninakoishi, nikaenda kijijini Nundu kumsalimia mama nikamkuta shambani na panga, anakata miti ya muhogo na kuifunga kwa kamba.

"Napeleka kwa mwenzangu," akasema.

Mwenzake ni mke mkubwa wa marehemu baba. Nilipokuwa mtoto walikaa ua mmoja, na niliwasikia wakigombania maji, kuni, hata mahali pa kuanikia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Baba alipofariki, mke mkubwa alirudi kwao, kijiji kilichoko kwenye njia ya kutoka Fizi kwenda Kilembwe, na tangu hapo hawakuonana. Sasa mtu wa kanisani alikuwa ameleta habari kwamba mihogo ya yule mama imeshikwa na ugonjwa: majani yanajikunja, na chini hakuna cha kuchimba. Mihogo ya mama ni ya mbegu nyingine, ilistahimili.

"Si umutume mutu wa pikipiki tu?" nilimuuliza.

"Mutu wa pikipiki atamuambia nini?"

Basi tukaondoka asubuhi kwa pikipiki ya kukodi, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma yake, na ule mzigo wa miti umefungwa kwa upana hata watu wa barabarani walilazimika kuingia majanini tukipita. Dereva, mwanaume mpole mwenye kofia ya sufu, alipiga honi kila kona. Kushoto kwetu ziwa lilikuwa limetulia. Kulia mashamba yalikuwa yamechomwa, meusi, na kila mahali watu walikuwa wameinama na majembe wakisubiri mvua. Sikujua kwamba nchi yetu ni nzuri hivyo ikiwa tupu.

Kabla ya kufika Baraka mwanamke mmoja alisimamisha pikipiki kwa mkono. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtoto mgongoni, amepewa kipande cha shamba na wenyeji.

"Mama, hiyo mbegu munauzisha?"

"Hapana, siuzishe," mama akasema, akashuka, akafungua kamba, akampa alichoweza kushika kwa mikono miwili. Akamwonyesha namna ya kuilaza udongoni, jicho la kuchipukia likitazama juu.

Kwenye mto Mutambala tulishuka kunawa uso, na bamama waliokuwa wakifua nguo wakauliza. Wakapewa. Baraka, tulipokunywa chai, mwenye kibanda cha chai akapewa. Nilianza kuwa na wasiwasi.

"Mama, tutafika na nini?"

"Tutafika," akanijibu.

Kwenye mlima wa kupanda Fizi pikipiki ilishindwa. Dereva aliisukuma, sisi tukatembea nyuma yake. Mama ana magoti mabaya, lakini hakulalamika. Alikuwa akinionyesha mashamba ya watu kama mtu anayeonyesha nyumba za jamaa zake: yule amepalilia vizuri, huyu amechelewa, pale karanga zitakubali. Tulilala Fizi kwa binamu yake. Kesho yake mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta njiani, kubwa, yenye harufu ya vumbi. Dereva alitaka tujikinge kwenye kanisa moja la njiani. Mama alisimama nje kidogo, mikono wazi, kitenge kimeloa chote, anacheka. Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona hivyo.

Tulipofika kijijini, mzigo ulikuwa umebaki mwembamba kama wa kuni za jioni moja. Hapo ndipo nilimwona mama akisita. Alisimama penye njia ya kuingia uani, akajipangusa matope, akautazama ule mzigo.

Mke mkubwa alitoka jikoni. Amezeeka, amekonda, lakini shingo yake ni ileile iliyonyooka.

"Ni we?"

"Ni mi. Nilikuletea mbegu. Ilikuwa mingi, lakini batu bamenisimamisha njiani."

Yule mama aliinama, akachuna gome la mti mmoja kwa ukucha kuona kama bado una maji. Ulikuwa na maji. Akaingia ndani na kutoka na majembe mawili.

"Udongo umeloa," akasema. "Twende kwanza. Salamu itangoja."

Niliwafuata hadi shambani. Mmoja alikata miti vipande vifupi, mwingine akachimba, kisha wakabadilishana bila kuambiana. Vipande vilijaza mistari mingi kuliko nilivyodhani. Walianza kumsema baba: jinsi alivyokoroma, jinsi alivyomwambia kila mmoja kwamba sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, ndiyo tamu. "Na mi aliniambia hivyo!" mama akapiga kelele, na mke mkubwa akaketi kwenye tope kwa kucheka.

Kesho yake dereva aliwasha pikipiki. Mama hakutoka na mfuko wake.

"Mi nabaki kidogo," akasema. "Shamba la chini bado halijalimwa."

Nilirudi Baraka peke yangu nyuma ya dereva, nikiwa na nafasi kubwa kwenye kiti. Mama alirudi Nundu Noeli ikikaribia, amenenepa, na mihogo ya kule, akaniambia, imetoa majani mapana.