Shangazi Achunguza Posa ya Sixbert

Wifi yangu Minza hamwamini mtu. Hata mimi nikimpikia huchungulia sufuria kwanza. Sasa kwetu Ziba hatupokei mahari mpaka shangazi mtu akamchunguze mchumba, na kwa kazi hiyo hana mfano. Sheria yake ni moja: usimuulize mwenyewe, waulize majirani.

Binti yangu Consolatha alipoposwa na Sixbert, mwalimu wa fizikia Tabora mjini, Minza akapanda basi. Akarudi amenuna. Majirani wa Isevya, mtaa anakokaa Sixbert, hawakuwa na neno baya, na hilo ndilo lililomtia shaka. Mwanamume gani hana baya? Tena dirishani alikuwa amemwona akichora viduara ubaoni, peke yake.

Akaenda tena. Safari hii maneno yalikuwepo. Mwanne, muuza maandazi, alimwambia yule mwalimu ni mchawi, viduara vile ni vya kazi hiyo. Minza akanipigia simu palepale, Mwanne akisikia: "Wifi, ikataeni posa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Consolatha alilia mpaka nikashikwa na hasira. Nikamfuata Minza mjini, nikamkokota hadi kwa Sixbert, nikamuuliza mwenyewe.

Akatuamkia shikamoo, akatupa viti. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, akasema, na viduara ni hesabu za chembe ndogo mno iitwayo Higgs, inayofanya chembe nyingine ziwe na uzito. Chembe hiyo hujigusa yenyewe, naye anatafuta inajigusa kwa nguvu gani. Shida ni kwamba njiani huzuka chembe nyingine, zikatia nguvu zao, zikatoweka. Kila kiduara ni mzunguko mmoja wa namna hiyo. Katika nadharia nyingine, nyongeza hizo huweza kuipita hata nguvu ya mwanzo.

"Usipozihesabu, mama," akasema, "utaamini jibu lisilo kweli."

Minza akaguna. Majirani wote wazushi? Basi nikamrudisha kwa Mwanne, nikauliza kasikia kwa nani. Kwa muuza mkaa. Muuza mkaa kasikia kwa fundi baiskeli. Fundi akamtazama Minza, akashangaa.

"Si wewe mama uliyekuja kuniuliza kama viduara vile si vya uchawi?"

Minza akageuka, akashika njia ya kurudi. Mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini tulipofika kwa Sixbert tukakuta godoro lake uani, na mwenye nyumba, mzee Lugembe, anatoa meza. Sixbert amesimama tu, ubao mkononi. Nikamuuliza mzee kulikoni.

"Sikai na mchawi. Na si maneno ya mtaani haya. Hata shangazi wa mchumba wake amemkataa."

Minza akainama, akashika godoro ncha moja.

"Shangazi ni mimi," akasema. "Shika huko, tumrudishie mkwe wangu ndani."