Sidii ya Limi na Moduli Iliyofutwa

Mume wangu Vitalis anapenda usafi, na usafi huo ndio ulionichosha. Mwaka 2004 alikuwa na kompyuta moja ya Linux hapa Mabwerebwere, Kilosa, akiwachapia watu barua. Siku moja akapitia orodha ya moduli, vile vipande vya programu ambavyo kiini cha mfumo huvipakia kinapovihitaji. Kimoja kilikuwa hakitumiwi na chochote. Akakifuta.

Jumatatu akaja Limi na sidii. Mama yake, mgonjwa huko Shinyanga, hajui kuandika. Kaka yake alimrekodi akiongea, akaituma kwa basi. Deki zote za mtaani zilikataa kuisoma.

"Shikamoo fundi. Nataka tu kujua mama anasemaje."

"Marahaba. Dakika mbili tu."

Dakika mbili za wapi. Moduli ya sauti iligoma, skrini ikasema kuna alama isiyojulikana. Nikauliza alama ndiyo kitu gani. Akasema ni jina la kazi ambayo moduli moja huitoa ili nyingine iitumie. Ile ya sauti inaliita jina hilo, na lilikuwa ndani ya kile alichofuta.

"Si ulisema hakina kazi?"

"Wakati ule hakikuwa nayo, Mama Ida."

Nikachoka kabisa.

Jumanne alfajiri akaenda Mikumi kuiazima moduli ile aliyoifuta kwa fundi mwenzake Innocent, kama mtu anavyoazima kinu. Akarudi jioni na flopi. Jina lile lile, kompyuta ikakataa: eti kiini cha Innocent ni toleo jingine. Mimi sikuelewa, na yeye alijifanya anaelewa. Limi alishinda kwangu siku nzima bila kula. Nilimwonea huruma, na mume wangu alinikera kwelikweli.

Jumatano nikamuuliza iko wapi sidii aliyowekea Linux mwanzoni. Kabatini. Si moduli zake zote zimo humo? Akaichukua humo ile aliyoifuta, akaipakia kwanza, kisha ile ya sauti. Ikakubali.

Mama akasikika, kwa Kisukuma. Limi aliitikia kila neno, anacheka, analia. Halafu akaacha kuitikia.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anapelekwa hospitali Dar kwa treni. Nisimame stesheni ya Kilosa Jumanne mchana anione kupitia dirishani, maana hajui kama atarudi."

Vitalis akaanza habari zake za matoleo. Nikamwambia anyamaze.

Jana yake mchana tuliisikia treni ikipiga honi. Limi mwenyewe ndiye aliyeniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia, Dar.