Tundu Lenye Nukta Nyekundu

Kama kuna neno ambalo Asmahani hawezi kulimeza, ni kuambiwa ana mkono mchafu. Mkono huo umechapa kadi za harusi za nusu ya mji wa Tabora, umechapa matangazo ya hitima na ratiba za ibada za Wamoraviani, tangu siku za taipureta hadi leo. Miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile, katika duka la steshenari la Mzee Awadhi. Halafu Jumatatu moja ya msimu wa mvua, mbele ya wateja, Mzee Awadhi huyohuyo akamsingizia.

Duka lina kompyuta mbili. Ya mbele ni ya Asmahani, ya ndani ndiyo yenye printa. Zinawasiliana kwa mtandao, mradi ile ya ndani iamini kwamba iko nyumbani, na ndivyo ilivyopangwa: mtandao binafsi. Lakini tangu mvua zianze, karibu kila asubuhi ilikutwa imejigeuza, inadai iko kwenye mtandao wa umma, miongoni mwa watu isiowajua. Hapo hujifungia, na printa haionekani. Asmahani akirudisha mpangilio, kesho umegeuka. Nurdini, fundi ambaye ni binamu yake, aliitwa mara tatu. Kila alipokuja alifuta majina yote ya mitandao ya zamani, akapanga upya, ikafanya kazi vizuri hadi jioni.

Jumatatu hiyo Mwalimu Tobias alikuwa ametoka Kwihara kwa baiskeli kufuata mitihani ya darasa lake. Printa haikuonekana. Mzee Awadhi akatoka ndani, kofia imekaa upande.

“Kompyuta haina mikono,” alisema, sauti ikasikika hadi barabarani. “Kuna mtu anaigeuza ili binamu yake aitwe, apate riziki. Mwisho wa mwezi atakaa mtu mwingine kwenye kiti hicho.”

Mwalimu Tobias akaangalia viatu vyake. Asmahani damu ilimchemka. Mtu ambaye hajawahi kurudi nyumbani hata na kalamu ya duka, leo anafanywa tapeli mbele ya watu, tena na mtu aliyemzidi umri, ambaye yeye hawezi kumrudishia maneno. Hivi huo ni uungwana gani? Jioni, nyumbani kwake Ng'ambo, akampigia simu Nurdini.

“Dada, kale kadude kanakoshika mtandao, kale kenye antena, kamechomekwa nyuma ya kompyuta ya ndani,” Nurdini alimweleza. “Kakihamishwa tundu, kompyuta inaweza kudhani ni kitu kipya. Inasahau yote uliyoipangia.”

Kesho yake Asmahani alikwenda kazini na kichupa cha rangi ya kucha. Akatia nukta nyekundu kwenye tundu lililokuwa na kale kadude, akarekebisha mpangilio, akanyamaza. Jumatano asubuhi kadude kalikuwa kwenye tundu jingine. Akakarudisha. Alhamisi kamehama tena.

Ijumaa aliwahi. Alimkuta Mzee Awadhi ndiyo kwanza anafungua mlango, akaingia nyuma yake. Mzee akaziondoa khanga zilizofunika kompyuta, akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Akafungua fundo, akatoa kale kadude, akapapasa nyuma ya mashine na kukasukumia kwenye tundu la kwanza lililokutana na kidole chake.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba.”

“Hicho unakitoa kila jioni?”

“Kina antena,” alisema Mzee Awadhi, bila wasiwasi wowote. “Antena inaita radi. Nikiache kiniunguzie duka?”

Na kweli radi za Tabora si za mzaha. Mzee alikulia kwenye nyumba ambayo wingu likitanda tu, vioo vyote vinafunikwa. Kwa hiyo alizifunika kompyuta kama vioo, na antena akalala nayo nyumbani. Asmahani alimwonyesha nukta nyekundu, akamweleza taratibu, hatua kwa hatua. Mzee alikawia kuelewa. Alipoelewa, akaivua kofia, akaivaa tena.

“Basi, mama, yameisha. Tuendelee na kazi.”

Yameisha! Umpake mtu matope barabarani, umsafishe chumbani mkiwa wawili, halafu yameisha.

“Hayajaisha, Mzee. Ulinisema mbele ya mwalimu.”

Asmahani akakarudisha kadude penye nukta, akapanga upya. Saa nne Mwalimu Tobias, aliyeondoka mikono mitupu Jumatatu, akarudi kuchukua mitihani yake.

“Karibu, mwalimu,” Mzee Awadhi alimuwahi. “Mashine imepona, fundi kaitengeneza.”

Asmahani akainuka. Akaingia ndani, akakachomoa kale kadude, akakaweka kwenye kiganja cha Mzee.

“Chomeka popote, Mzee, kama unavyochomeka siku zote.”

Mwalimu alikuwa anatazama, ikabidi Mzee aingie achomeke, na kadude kakaangukia tundu lisilo na nukta. Asmahani akarudi kwenye kiti chake, akatuma mitihani ikachapwe. Printa haikuonekana.

“Kompyuta haina mikono,” alisema Asmahani. “Mwambie mwalimu ni mikono ya nani.”

“Ni yangu,” Mzee alisemea kwenye ndevu.

“Mwalimu hajasikia.”

“Ni mikono yangu, mwalimu. Huyu mama nilimsingizia.”

Ndipo Asmahani alipokarudisha kadude penye nukta na kurekebisha mpangilio. Mitihani ikaanza kutoka. Akamgeukia Mzee Awadhi.

“Na hiki kiti?”

“Ni chako.”

“Sema vizuri, naandika,” alisema Asmahani, vidole viko tayari. Akachapa kila neno alilosema Mzee, pamoja na tarehe na mahali pa kutia sahihi, akatuma nakala mbili, na printa ikazitoa zote mbili.