Nimeleta mashine ya kutoboa chuma, haiwaki

Jamani, nimekaa chini karakanani kwangu hapa Tlawi, nataka kulia.

Mashine yangu ya kutoboa chuma iliungua mota wakati natengeneza kiti cha magurudumu cha mama mkwe. Bila matundu, magurudumu hayafungiki. Mke wangu anambeba mama yake mgongoni hadi kanisani.

Leo nikaenda Mbulu mjini kuchagua nyingine. Dukani zilikuwa mbili: moja ndogo, nyingine nzito, chuma kitupu.

Nikachukua nzito. Sikuuliza kitu. (Mnanijua!)

Nimeifikisha nyumbani, jirani yangu fundi umeme akaangalia waya, akaniambia:

"Kaka, hii ni ya umeme wa fezi tatu. Kwako umevuta fezi moja, haiwezi kuwaka."

Nikampigia muuzaji. "Shikamoo mzee, ile ndogo ya fezi moja bado ipo?"

"Marahaba. Imeshaondoka, kijana wangu."

Kumbe mama mkwe alikuwa anasikia yote. Akaniita taratibu: "Baba Neema, usihangaike. Nimeshazoea kubebwa."

Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia.

Mwenye mashine ya fezi moja, hata kama ni huko Nambis, naomba aniambie. Nitabeba kiti chenyewe nije nitobolee kwako.