Fundi Aliyeacha Kazi Bila Kuondoka

Mdogo wangu wa mwisho analipwa kuvunja vyuma. Si utani. Miaka kumi na tisa yuko maabara ya uhandisi ya chuo kikuu: anabana nondo kwenye mashine, mashine inaivuta mpaka inakatika paa!, yeye anaandika imekatikia wapi na kwa nguvu kiasi gani. Wenzake wanachukua maandishi hayo wanakuwa madaktari wasiotibu mtu. Digrii yake mwenyewe aliisoma jioni jioni, akaifungia kabatini kama shuka la wageni. Kazini wanamwita Fundi, basi.

Mwaka huu akazuka na jambo: anaomba kusoma shahada ya pili, palepale maabara, kwa ufadhili wa mradi. Nikasema heri. Kumbe kuna sharti. Mfadhili hamlipii mwajiriwa. Lazima aache kazi, na barua ya kuacha aiambatishe.

"Uache kazi ukafanye nini?"

"Nikavunje vyuma."

"Wapi?"

"Palepale, dada."

"Kwa mashine gani?"

"Ileile."

Nikapiga hesabu. Posho yenyewe haifiki nusu ya mshahara. Miaka miwili ya ufadhili ikiisha, imeisha, na ana watoto watatu wanaokula kama mashine ya kusaga. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini hata mimi najua kwamba kutokea mlangoni na kurudia dirishani si safari.

Siku ya mwisho ya maombi nikafunika cherehani yangu, nikaongozana naye hadi maabara. Profesa wake ni mwanamke, mdogo kwetu sote. Kubana nondo alifundishwa na huyuhuyu Fundi, enzi hizo Profesa mwenyewe akiwa mwanafunzi anayeziba masikio.

"Mwanangu, nieleweshe," nikamwambia. "Huyu akiacha kazi, mashine ataiendesha nani?"

"Mwanafunzi wangu mpya."

"Yupi huyo?"

Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu, akacheka. Alipoona sicheki, akaacha.

"Dada, hata mimi sharti hilo silielewi. Nimewaandikia wafadhili mara mbili. Wamenijibu kwa kunitumia sharti lilelile."

"Wakimnyima je?"

"Jina limeshapita. Imebaki barua tu."

"Na nafasi yake ya kazi, huwezi kumshikia?"

"Hiyo ya utawala. Siwezi kukudanganya."

Nikamgeukia mwenye mambo yake. "Umekosa nini hapa, baba? Kila mlango wanakuita wewe!"

Akafungua daftari, akaniwekea kidole kwenye mstari, kisha mwingine, kisha mwingine. "Ona. Nondo za aina hii zinakatikia karibu na kibanio, kila mara. Kwa nini? Nikiuliza naambiwa, Fundi, andika. Mwanafunzi analipwa kuuliza."

"Chuma kikikatika kimekatika! Unataka mjadiliane?"

"Ndiyo," akasema, na macho hayakucheka.

Kila neno lake nililielewa. Yakikaa pamoja ndiyo yananishinda. Lakini huyu mtu nimemlea. Tangu azaliwe sijamsikia akisema anataka kitu. Akatoa barua ya kuacha kazi, kalamu yake ikawa haitoi wino. Nikampa yangu, ya kuandikia vipimo vya wateja, huku nikijitukana moyoni.

Akasaini. Profesa akaipiga barua picha, akaituma. Hata kitini sijakaa, mhadhiri mmoja akaingiza kichwa mlangoni.

"Fundi! Pampu yangu imekwama!"

"Fundi ameacha kazi," nikajibu mimi.

"Lini?"

"Sasa hivi."

Mhadhiri akamtazama Profesa. Profesa akatazama kompyuta. Mdogo wangu alishasimama, spana mkononi.

"Kaa chini wewe! Si mwanafunzi?"

"Dada, inamwaga maji," akasema, akatoka mbio.

Tukabaki wawili na mashine.

"Na huyu aliyetoka," nikamuuliza Profesa, "ni nani sasa?"

"Sijui, dada," akasema, akanisogezea kiti.