Neno Nililomwandikia Babu

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Same, kwenye likizo ya darasa la tano, arobaini ya babu mzaa baba ilipokwisha pita na familia ikakubaliana kumwekea kaburini kibao cha saruji chenye jina lake. Nilikuwa nimeteremka kutoka Suji kwa kina mama, ambako sisi ni Wakristo. Kwa babu walikuwa Waislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Wageni wa Suji wakishuka, baba mdogo Hamisi ndiye aliyechinja kuku, ili wote tule sufuria moja. Kwa kuwa nilisifiwa mwandiko, kazi ya kuandika kibao nikapewa mimi. Nikajiona mtu!

Nilinakili kutoka kwenye kipande cha babu, kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge, ya tangu enzi za Wazungu. Chini ya jina, mahali pa dini, paliandikwa Mohammedan. Nililipenda neno lile kwa urefu na Kiingereza chake, nikalichora kwa msumari bila kumuuliza mtu. Bibi, ambaye hakujua kusoma, akasogea. "Umemwandika nini mume wangu?" Nikajibu kwa madaha, "Anayemwabudu Muhammad, bibi." Akakaa chini pale pale penye vumbi, machozi yakamtoka. "Babu yako hajamwabudu mtu maisha yake yote. Mtume tunampenda, tunamfuata. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Leo unamlaza chini ya uongo?"

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Jua la Same halina subira, na saruji ilikuwa imeanza kukaza. Baba mdogo akanyunyiza maji, akasugua kwa mwiko huku akinieleza taratibu: "Wazungu waliitwa kwa jina la Kristo, wakadhani na sisi ni hivyo hivyo. Mzee hakuulizwa, aliandikiwa tu." Neno likafutika kwa shida. Nikaandika Mwislamu, na bibi akanisimamia mpaka herufi ya mwisho.

Siku hizi naandikisha wagonjwa katika zahanati moja hapa Same. Neno lile silisikii tena, na kosa la kwenye kompyuta hufutwa kwa kidole kimoja. Hata hivyo siandiki kitu juu ya mtu kabla hajanitajia mwenyewe. Kuuliza si ujinga, ingawa foleni hunung'unika. Bibi alipougua mara ya mwisho alinishika mkono, akasema, "Kibao changu uandike wewe." Nikamwuliza, "Nikuandike nani, bibi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, "sasa umekua."